Nani akae kwenye chumba cha marubani? Kulinganisha njia za kuendesha mfumo endeshi wa pili kwenye kompyuta moja

Mtu ana kompyuta yenye Windows, na kozi anayosoma inataka Linux. Mwingine ana Mac, na programu ya uhasibu ya kazini kwake inafunguka kwenye Windows tu. Wakiuliza wafanyeje, wanapewa majibu manne yanayogongana: gawa diski uweke mifumo miwili, weka mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta yako), tumia kontena (kifurushi kinachotenga programu moja na nyingine), tumia WSL (njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows). Kila anayejibu anaapa kwamba njia yake ndiyo njia. Huenda wote wako sahihi, ila kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe.

Nimeeleza jambo hili mara nyingi, na mfano unaoingia akilini haraka kuliko yote ni ndege. Sababu ni moja tu: hata mtu ambaye hajawahi kupanda ndege anajua kuna mlango ambao abiria hapiti. Ukishajua nani unataka akae nyuma ya mlango huo, na kwa muda gani, nusu ya uamuzi umekwisha.

Mlango wenyewe

Mfumo endeshi una kiini kinachoitwa keneli. Hao ndio marubani: prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao vyote viko mikononi mwao. Kivinjari, mchezo na programu ya kuandikia ni abiria. Abiria akitaka maji hainuki kwenda kuyatafuta, anabonyeza kitufe juu ya kichwa chake na mhudumu anakuja. Vivyo hivyo kivinjari kikitaka kuhifadhi faili hakigusi diski. Kinaiomba keneli, keneli inaangalia kama kina ruhusa, inaandika, kisha inarudisha jibu. Kufuli la mlango huo liko ndani ya prosesa yenyewe, ambayo ina ngazi za mamlaka. Programu ya kawaida ikithubutu kutoa amri ya ngazi ya juu, inakataliwa papo hapo.

Ndiyo maana abiria akizimia ndege haianguki. Kivinjari kikiganda unakifunga na kazi nyingine zinaendelea. Hatari ni kile kilichoruhusiwa kuingia mbele. Tarehe 19 Julai 2024 programu ya usalama ya CrowdStrike, ambayo sehemu yake hukaa ndani ya keneli ya Windows, ilipokea sasisho bovu. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilianguka. Skrini za bluu zilitanda kwenye viwanja vya ndege na maelfu ya safari yakafutwa, ingawa ndege zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Kilichokwama ni kompyuta za ardhini. Za Linux na Mac hazikuguswa na sasisho lile.

Kwanza chagua mwenyeji

Kabla ya kuleta mfumo wa pili, yaani mgeni, amua wa kwanza, yaani mwenyeji, ni upi. Apple ni kama shirika linalounda ndege zake na kufundisha marubani wake: macOS inajua kila skrubu ya mashine inayoiendesha, na nje ya mashine hizo haina kazi. Windows ni rubani anayetakiwa kurusha ndege za watengenezaji mamia, kwa hiyo anatembea na begi zito la draiva, programu ndogo za kuongozea kila kifaa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni rubani ambaye vitabu vyake vyote viko wazi, na ukiweza unaruhusiwa kuviandika upya. Ubuntu, Debian na Fedora ni mashirika tofauti yanayomtumia rubani yuleyule: rangi ya ndege tofauti, viti tofauti, chakula tofauti. Aliyezoea Ubuntu akiwekwa mbele ya Debian hupotea kwa saa chache tu, kama rubani wa Airbus A320 anavyohamia A321 bila kuanza masomo upya.

Kuna tofauti ya tabia pia. Kwenye A320, iliyoanza kazi mwaka 1988, rubani akivuta kijiti mpaka mwisho, katika hali ya kawaida kompyuta haitamruhusu kuvuka mipaka ya usalama ya ndege. Boeing 777 hukaza usukani kumwonya, lakini akilazimisha inamwachia. Kwa tabia, macOS ni Airbus: tangu mwaka 2015 hata msimamizi mkuu hawezi kugusa faili za msingi za mfumo mpaka kwanza auzime ulinzi huo kwa makusudi. Linux, ukishaingia kama root, yaani msimamizi mkuu wake, inakuacha ufute hata faili zinazoiendesha. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi ni mmoja wao, na nimelipia.

Ushauri wangu hapa ni mfupi: mwenyeji achaguliwe na programu ambayo huwezi kuishi bila hiyo. Isipokuwa kesi moja. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi mashine isiyo na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha kutunzia funguo za siri. Kama kompyuta yako imeachwa nje ya mlango huo na bado ina nguvu, Linux iwe mwenyeji, usiihangaishe na ugeni.

Ndege moja, marubani wa zamu

Njia ya kwanza ni kugawa diski, kuweka mifumo miwili, na kuchagua mmoja kila unapowasha. Faida yake haina mpinzani: anayeingia anapata ndege nzima, injini zote, bila mtu kati. Kwa michezo mizito, kuhariri video, au kazi yoyote inayokamua kadi ya michoro, hii ndiyo njia na sioni haja ya kubishana.

Gharama yake ni kutua. Ili rubani wa pili aingie, wa kwanza lazima ashuke, azime injini, abiria wote watoke. Ukiwa katikati ya barua upande mmoja na ukakumbuka faili iliyo upande mwingine, unafunga kila kitu. Wengi ninaowajua waliofanya hivi walijikuta baada ya miezi miwili wanaingia upande mmoja tu, na robo ya diski imekaa bure.

Kuna pia mambo ya kugombea banda moja. Mfumo mmoja ukijisasisha unaweza kubadilisha mpangilio wa uwashaji, na mwingine ukatoweka kwenye orodha. Kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows lenyewe, usiguse chochote kabla hujaandika ufunguo wa kuifungulia mahali salama nje ya kompyuta hiyo. Halafu kuna saa. Marubani duniani kote hutumia UTC, saa moja ya dunia nzima, ili anayeondoka Tokyo na anayetua London wasipishane. Linux nayo huiweka saa ya ndani ya mashine kwenye UTC. Windows huiweka kwenye saa za mahali ulipo. Kila mmoja akiingia anamsahihisha mwenzake, na wewe unabaki ukishangaa kwa nini saa inaruka kila unapobadilisha mfumo. Dawa ipo, ni kuuambia mmojawapo ufuate desturi ya mwenzake, lakini wengi huhangaika wiki nzima kabla ya kujua kwamba hilo si kosa la betri.

Wenye Mac za chipu za M (prosesa za Apple yenyewe) wapite haraka: huko Apple haitoi njia ya kuwashia Windows moja kwa moja.

Simuleta: mashine pepe

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopaswa kutua.

Simuleta kamili za kufundishia marubani ni chumba cha marubani kilichosimama juu ya miguu sita inayokiyumbisha. Ndani ya baadhi yake, visanduku vya kielektroniki ni vilevile vya ndege halisi. Vimefungwa humo na kulishwa ishara za uongo: mwendo, mwinuko, joto la injini. Kisanduku hakijui kwamba hakiko hewani. Kinapiga hesabu zake kama kawaida. Kwenye simuleta nyingine kisanduku chenyewe hakipo, kuna programu inayoigiza tabia zake.

Tofauti hiyo ndiyo iliyopo kati ya mashine pepe na uigizaji wa mashine, na watu huichanganya kila siku. Kwenye mashine pepe, amri za mfumo mgeni zinaendeshwa na prosesa yako ya kweli, kwa kasi inayokaribia ya kweli. Ni pale tu mgeni anaponyoosha mkono kwenye vya mbele, kama diski, mtandao au amri za mamlaka, ndipo haipavaiza, programu inayosimamia mashine pepe, inaudaka mkono huo na kufanya kazi kwa niaba yake. IBM ilikuwa ikifanya hivi kwenye kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960. Kwenye kompyuta za kawaida VMware ilileta bidhaa yake mwaka 1999 kwa mbinu ngumu ya kuandika upya baadhi ya amri za mgeni wakati zikiendelea. Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakaweka msaada wa kazi hiyo ndani ya prosesa. Uigizaji ni kitu kingine: prosesa ya ukoo tofauti inaigwa amri kwa amri, na kasi inaporomoka.

Faida ya kujua hili inaonekana siku ya kupakua. Mac ya chipu ya M ni ya ukoo wa prosesa wa ARM, si wa Intel. Mgeni wake awe Linux ya ARM au Windows ya ARM. Ukimletea faili ya usakinishaji ya Intel, ama haitawaka kabisa ama itatambaa, na utailaumu mashine bure. Windows ya ARM ina mkalimani wake wa ndani wa programu za Intel, kwa hiyo yule wa programu ya uhasibu ana matumaini mazuri, ingawa ajaribu kwanza kabla ya kulipia leseni.

Kitu kinachonifanya niipende mashine pepe kuliko zote ni kile ambacho mwalimu wa simuleta anacho kwenye meza yake nyuma ya wanafunzi. Injini imewaka moto, mwanafunzi amekosea, ndege inaelekea chini. Mwalimu anabonyeza, kila kitu kinasimama hewani. Wanaongea. Anabonyeza tena, ndege iko maili 10 kutoka njia ya kutua, injini zote nzima, rudia. Mashine pepe ina kitu hicho hicho: unapiga picha ya hali yake, unaweka programu usiyoiamini, unaharibu mipangilio, kisha unarudi kwenye picha na yote hayakutokea. Kwa anayejifunza hakuna mwalimu bora. Ila picha hiyo si nakala rudufu. Inakaa kwenye diski ileile, na diski ikifa vinakufa vyote.

Tahadhari ya pili ni kumbukumbu. Mashirika ya ndege huuza tiketi kuzidi viti, yakitegemea kwamba wapo watakaokosa kufika. Kwa prosesa unaweza kufanya hivyo bila majuto makubwa, maana muda wake hugawanywa vipande vidogo na wageni wengi hukaa bila kazi. Kumbukumbu haina huruma hiyo. Mara ya kwanza nilipoweka mgeni, mashine yangu ilikuwa na GB 8, nami kwa ukarimu nikampa GB 6. Alipowaka, taa ya diski ilikaa imewaka moja kwa moja. Kishale cha panya kikawa kinaruka kutoka pembe hadi pembe bila kupita katikati, na herufi nilizoandika zilitokea baada ya mimi kusahau nilitaka kuandika nini. Mwenyeji alikuwa amebaki na GB 2 na alikuwa akihamishia vitu vyake diskini ili apate pa kupumulia. Nilidhani mgeni ana tatizo, nikamwongeza GB 1. Utajaza mwenyewe yaliyofuata.

Kwa GB 8, Linux nyepesi ya GB 2 inatosha na inaishi vizuri. Windows 11 yenyewe inataka GB 4 kama kiwango cha chini, kwa hiyo kumfanya mgeni kunahitaji mashine ya GB 16. Chini ya hapo usijitese.

Pia angalia kama mlango uko wazi. Kwenye Windows fungua Task Manager, ingia Performance, tazama mstari wa Virtualization. Kama umezimwa, uuwashe kwenye mipangilio ya BIOS au UEFI, programu inayoanza kabla ya mfumo endeshi, ambako kwa Intel hutajwa kama VT-x na kwa AMD mara nyingi ni SVM. Kwa programu ya kuendeshea mashine pepe, VirtualBox inatosha kuanzia kwa wengi, Hyper-V ipo kwenye Windows za Pro, kwenye Mac kuna UTM na Parallels, na kwenye Linux sioni sababu ya kuiacha KVM, iliyoingia ndani ya keneli yenyewe mwaka 2007.

Mfano unachechemea mahali pamoja: simuleta haikufikishi popote, lakini kazi uliyoifanya ndani ya mashine pepe ni kazi ya kweli na barua uliyoituma imekwenda. Lililo la kweli kwenye mfano ni michoro. Dirisha la simuleta ni skrini, na kadi ya michoro ya mgeni kwa kawaida ni ya kuchorwa. Usiende humo kucheza michezo mizito.

Kwa seva, mambo hubadilika. Haipavaiza kama Xen au ESXi hukaa moja kwa moja juu ya mashine. Ni mnara wa kuongozea ndege: haubebi abiria, kazi yake ni kugawa nafasi na kuzuia kugongana. Kwenye kompyuta ya mezani mwako huna ndege za kutosha kuhitaji mnara. Cha kuchekesha ni kwamba ndege zenyewe zilikwisha kufika huko. Boeing 787 na A380 hazina kompyuta moja kwa kila kazi kama zamani. Programu kadhaa hukaa kwenye kompyuta moja, kila moja ikiwa na kumbukumbu yake na dirisha lake la muda, kwa kanuni za ARINC 653, ili moja ikikwama isile muda wa jirani.

Na kama wewe ni wa kumsitisha mgeni kila jioni bila kumzima, mwashe upya mara mojamoja. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza Boeing 787 zikatwe umeme mara kwa mara, kwa kuwa zikikaa na umeme siku 248 mfululizo kaunta ndani ya vidhibiti vya jenereta ilikuwa inajaa na vyote vingeweza kujizima kwa pamoja. Windows 95 ilikuwa na ugonjwa wa aina hiyohiyo, ila yenyewe ilijaa baada ya siku 49.7. Wachache waliwahi kuufikia, kwa kuwa ilikuwa inaanguka mapema kwa sababu nyingine.

Makontena tumboni mwa ndege

Chini ya sakafu ya abiria kuna makontena ya alumini, pembe moja imekatwa ili yakae sawa na umbo la tumbo la ndege. Mzigo wa huyu hauchanganyiki na wa yule. Lakini ndege ni moja na marubani ni walewale.

Kontena la kompyuta, lile lililopata umaarufu na Docker tangu mwaka 2013, liko hivyo hivyo. Halina keneli yake; linatumia ya mwenyeji. Ndiyo maana linawaka mara moja na kupima megabaiti, wakati mashine pepe inabeba mfumo mzima na kupima gigabaiti. Ndiyo maana pia kontena la Linux linahitaji keneli ya Linux. Ukiweka Docker kwenye Mac au Windows, kwa kimya inawasha mashine pepe ya Linux na kupanga makontena humo. Anayesema "mimi situmii mashine pepe, natumia Docker kwenye Mac" anaitumia bila kutambulishwa.

Chagua kontena kama unachoendesha ni huduma: hifadhidata, seva ya wavuti, kitu kisicho na dirisha. Usilichague ukitaka mezani pa Linux pa kukaa na kubofya. Wala usitie humo programu usiyoiamini, kwa sababu ikipata upenyo wa kufika mbele, marubani wanaotekwa ni wa ndege yote. Hiyo ipelekwe kwenye mashine pepe.

WSL, jibu la yule mwanafunzi

Toleo la kwanza la WSL, mwaka 2016, lilikuwa mkalimani: abiria wa Linux ndani ya ndege ya Windows, maombi yake yakitafsiriwa moja moja. La pili likaleta keneli ya kweli ya Linux ndani ya mashine pepe nyepesi isiyohitaji kusimamiwa. Kwa mwenye Windows anayehitaji mstari wa amri wa Linux kwa masomo ya programu, hili ndilo jibu langu la kwanza, na mengine yote yanasubiri. Faili za mradi ziweke upande wa Linux, si chini ya /mnt/c, mahali ambapo Linux inaiona diski ya Windows. Huko kila faili inavuka mpaka kwenda na kurudi, na kazi ya sekunde inakuwa ya dakika.

Atakayebaki anataka Linux iwe mwenyeji, aijaribu kwanza ndege ikiwa ardhini. Iandike kwenye flashi, washa kompyuta kutoka humo bila kusakinisha chochote, kisha angalia vitu vinne: Wi-Fi inashika, sauti inatoka, mwanga wa skrini unapungua, na ukifunga kifuniko kwa dakika tano kisha ukakifungua, mashine inaamka. Hilo la mwisho ndilo linalofeli zaidi, na halionekani kwenye orodha yoyote ya sifa.